Mtungi Wenye Masikio

Vikasa hamsini vya kuwekea sabuni
ndivyo alivyoagiza bwana wa hoteli kule Kigomasha,
na arubuni keshatoa, noti nimezifunga pembeni mwa kanga.
Vitangoja.
Leo mikono imekataa kasa.

Udongo nimeuchimba bondeni, ukingoni mwa mpunga,
mweusi, unanuka mvua ya mwaka juzi.
Nimeutoa mizizi, vijiwe, konokono mmoja mzima
niliyemrudisha mferejini.
Kisha nikatwanga vigae vya mtungi wa mama,
ule uliovunjika siku ya matanga yake.
Udongo mtupu hauvumilii moto,
unataka uchanganywe na kitu
kilichokwisha kuungua.

Namfinyanga popo.

Si yule mdogo wa darini, mla mbu.
Yule mkubwa, uso wa mbwa, manyoya rangi ya kutu,
waliokuwa wakining'inia mivuleni, kule makaburini,
wengi kama mabilingani shambani.
Magharibi wakiruka, adhana ikisikika kwa shida,
na mama akikimbilia kufunika vyungu vibichi,
maana popo hana adabu
na doa lake halitoki.

Mivule ilikuwa saba nilipoolewa.
Mmoja sasa ni mlango wa mtu, Wete.
Miwili iliangushwa usiku; tuliisikia mashine
tukageukia upande wa pili wa kitanda.
Mitatu sijui. Nilipita siku moja, pana mihogo.
Huo uliobaki una popo kumi na wanne.
Mjukuu wangu Shaame kawahesabu mara mbili.

Nimeanza kama ninavyoanza chungu chochote:
kitako, pete juu ya pete,
kidole ndani, kombe nje.
Na hapo nikacheka peke yangu,
kumbe popo aliyejifunika mbawa ni mtungi.
Bega lile lile, tumbo lile lile.
Miaka arubaini namfinyanga huyu,
masikio tu sikumtia.

Lakini kuning'inia hawezi. Udongo haujui dari.
Nimemsimamisha kwa kichwa, miguu juu,
kucha zimeshika hewa.
"Bibi, tawi lake liko wapi?"
Nikamwambia Shaame aniletee maji.

Siku ya tatu, kivulini, sikio la kushoto likapasuka.
Nimeliacha hivyo hivyo.

Sasa moto.
Wanasema mfinyanzi hulia gaeni.
Hawasemi alichomea nini.
Mama akinituma kuni, mimi nikileta:
mjoho nimeleta, mtondoo nimeleta,
tawi la mvule lililodondoka,
na moja ambalo halikudondoka.
Vyungu vikatoka vyekundu, watu wakamsifu,
na kila pilau ya harusi kutoka Konde hadi Msuka
ilipikwa ndani ya mti niliokuwa naujua jina.

Huyu nimemchoma kwa makumbi na makuti.
Moto mwepesi, unaruka, hauna subira.
Katoka na baka jeusi ubavuni,
na ukimgonga kwa ukucha halii kama kengele,
analia kama mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Shaame anasema tumpeleke hotelini, atapata bei.
Labda. Kwa sasa yuko ukumbini, kando ya mtungi wa maji,
na wageni wakiingia huwasalimu wote wawili.

Nimerudi kwenye vikasa. Leo nimetoa ishirini na tatu,
nimevipanga uani juu ya ubao.
Jua lilipotua nikachukua gunia nikavifunika,
mazoea tu, mkono wa mama ndani ya mkono wangu.
Juu hakikupita kitu. Kisha kikapita kimoja,
kimya, kuelekea minazini.

Nikarudi uani.
Kikasa kimoja nimekiacha wazi.